Kipimo cha Mkia

Alikuja dukani Mwanjelwa mwezi wa sita, baridi ikiuma masikio,
kwapani blanketi la mtumba, la kahawia, lenye manyoya,
akaniuliza kwa sauti ya mtu anayekopa:
"Fundi Tumpe, unaweza kunishonea fisi?"

Nimeshona suti za maharusi, sare za kwaya,
nimeshona vitambaa vya ndani ya majeneza.
Nikavuta tepu shingoni. Simama wima, nikamwambia.
Kifua arobaini. Mkono ishirini na nne.
"Na mkia?" maana kazi ni kazi.
Akawaza.
Syabumi ni karani wa mizani kule Uyole,
kutwa anapima malori ya watu wengine,
na hakuna aliyewahi kumuuliza
yeye angependa kuishia wapi kwa nyuma.
"Mfupi," alisema. "Fisi hana makuu."

Kisha wakaja wengine.
Atuganile, mwalimu wa hesabu, alitaka mbega:
joho jeusi, mabega meupe, mkia wa kuburuta.
Kijana wa Ilomba anayeuza vocha alitaka kipunji,
yule kima wa msitu wa Rungwe asiyependa kuonekana.
"Na mimi sipendi," alisema. "Ndiyo maana."

Vichwa tulivichonga kwa sponji la godoro,
kwenye macho tukaweka chandarua cha kuchungulia.
Taya la Syabumi nililirudia mara tatu:
mara ya kwanza alifanana na mbuzi,
mara ya pili na shemeji yangu.

Jumapili, ibada ikiisha, wanabadilisha nguo
nyuma ya mashine ya kukoboa,
wanatokeza uwanjani, Loleza imejifunika ukungu.
Hawafanyi kitu. Wanatembea.
Fisi anampungia mbega mkono.
Kipunji anakaa juu ya tofali
anakula hindi la kuchoma, nusu linapukutikia kifuani.
Watoto wanakimbia mbali. Wanarudi karibu.

Lakini huu ni mji uliowahi kulala
na neno *ngozi* likigonga madirisha;
sisi wa rika langu bado tunahesabu watoto kabla ya giza.
Kwa hiyo mgambo alipofika na kirungu, sikumlaumu.
"Vueni!"
Fisi akavua kichwa. Ndani yake
kipara, jasho, miwani iliyopata ukungu,
mtu aliyetishika kuliko waliotishwa.
Nikapita katikati, nikamshikisha pindo:
"Papasa, afande. Blanketi. Hapa ndipo sindano yangu ilivunjika.
Hakuna aliyevuliwa hii.
Watu wamevaa tu."

Akapapasa. Akapapasa muda mrefu
kuliko upekuzi unavyohitaji.

Usiku ule nilibaki na kichwa cha fisi kwa marekebisho,
nikafunga mlango, nikakivaa.
Harufu ya gundi, na pumzi ya mtu mwingine.
Kupitia chandarua, cherehani yangu ilikuwa
mnyama mdogo mweusi aliyeinamisha shingo,
miaka yote hiyo ananisubiri.
Nilicheka. Kicheko kikazunguka mle ndani
kikanirudia kikiwa kikubwa, si changu.

Wiki ya tatu mgambo akaja bila kirungu,
suruali mkononi. Zipu imeharibika, alisema.
Zipu ilikuwa nzima.
Akasubiri mteja wa mwisho achukue chenji yake,
akasimama katikati ya duka, akanyoosha mikono,
kimya, kama mtu anayepekuliwa.

Nikavuta tepu shingoni.
Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini na nne.
Kwenye daftari, penye mnyama, nimeacha nafasi.
Mkia, amesema, mrefu.